Pumziko la Mkimbiaji

Kando ya njia iliyotoka Athens kwenda Eleusis palikuwa na kaburi la mpiga mieleka aitwaye Gerenos, mzaliwa wa Naukratis katika nchi ya Misri. Habari zake twazipata kwa Philostratos, mwandishi wa Kigiriki aliyeishi katika karne ya 3 baada ya Kristo. Gerenos alishinda katika michezo ya Olimpia, na baada ya siku mbili akakaa karamuni na rafiki zake, akanywa, akala vyakula ambavyo tumbo lake halikuvizoea, akakosa usingizi. Kesho yake alikwenda uwanjani, akamwambia mwalimu wake kwamba chakula kilikuwa hakijatulia tumboni na hali yake si njema. Mwalimu akaghadhibika. Zamani zile walimu wa riadha walikuwa na desturi ya kugawa kazi katika duru ya siku 4. Siku ya kwanza mwili ulitayarishwa kwa mazoezi mafupi ya haraka. Siku ya pili zilitumiwa nguvu zote. Siku ya tatu mwili ulilegezwa. Na siku ya nne ilifanywa kazi ya kadiri. Mwalimu aliona kwamba kumpumzisha mtu nje ya zamu kungeivunja duru yake. Basi akamtia kazini kwa ukali, na Gerenos akafa mazoezini.

Yafaa ulitazame vema kosa la mwalimu yule, ewe msomaji. Duru yake haikuwa ya kipumbavu. Ilikuwa na siku yake ya pumziko, na wako walimu wa leo ambao ratiba zao haziifikii kwa busara. Lakini aliitazama hesabu asimtazame mtu, na Philostratos, aliyekuwa na ulimi mkali, hakumsamehe hata kidogo. Kisa ni cha kale, ila swali lililomo ndani yake limewasumbua wakimbiaji hata katika zama zetu: mwili hupata nguvu wakati gani, wakati wa kazi au wakati wa kupumzika? Nataka kukuonyesha jinsi jibu lilivyotafutwa, maana halikupatikana kwa siku moja wala kwa mtu mmoja, na sehemu ya habari hii ni ya nchi yetu.

Katika karne ya 19 hofu kubwa ilikuwa kwamba juhudi yenyewe huua. Huko Uingereza wako waliosema kwamba vijana wanaopiga makasia katika mashindano ya vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge walikuwa wakiyafupisha maisha yao, kwa kuwa moyo hupanuka na kuchakaa. Daktari mmoja, John Morgan, aliona ni heri kuhesabu kuliko kubishana. Akawatafuta watu waliopiga makasia katika mashindano hayo tangu mwaka 1829 hata mwaka 1869, na mwaka 1873 akachapa matokeo yake: watu hao waliishi muda mrefu kidogo kuliko ilivyotazamiwa katika majedwali ya makampuni ya bima. Hata hivyo mashaka hayakutoweka. Kwa miaka mingi baadaye wakimbiaji wengi walifanya mazoezi siku chache tu katika juma, wakiuhesabu mwili kama mfuko wa fedha ambao kila mbio huupunguza.

Aliyewaonyesha watu kwamba mfuko huo waweza kujazwa ni Paavo Nurmi wa Ufini. Alizaliwa katika mji wa Turku mwaka 1897, akaacha shule akiwa mtoto wa miaka 12 ili aisaidie familia yake, akafanya kazi ya kusukuma mikokoteni mizito juu ya vilima vya mji. Katika michezo ya Olimpiki ya miaka 1920, 1924 na 1928 alipata nishani 9 za dhahabu na 3 za fedha. Siku moja mjini Paris, tarehe 10 Julai 1924, alishinda mbio za mita 1,500, na kabla ya saa moja kwisha akashinda na zile za mita 5,000. Nurmi alikimbia na saa mkononi. Hakushindana sana na watu waliokuwa ubavuni mwake. Alishindana na dakika, akigawa nguvu zake sawasawa tangu duru ya kwanza hata ya mwisho. Baadaye yeye mwenyewe aliyalaumu mazoezi yake ya ujanani kuwa yalikuwa ya polepole mno. Lakini alikuwa amekwisha kuweka jambo moja wazi, nalo ni kwamba juhudi yaweza kupimwa.

Ikabaki kulipima pumziko. Kazi hiyo ilifanywa na Wajerumani wawili katika miaka ya 1930 na iliyofuata: Woldemar Gerschler, mwalimu wa riadha, na Herbert Reindell, daktari wa moyo katika mji wa Freiburg. Wao walimkimbiza mtu masafa mafupi, kama mita 100 au 200, kwa kasi iliyoyafikisha mapigo ya moyo wake karibu na 180 kwa dakika. Kisha wakamsimamisha, wakamwekea vidole penye mshipa, wakangoja. Mapigo yakirudi hadi 120, mtu huyo hukimbia tena. Na kama sekunde 90 zilipita mapigo yasifike 120, waliamua kwamba kazi ilikuwa imezidi kiasi chake, basi ama kasi ipunguzwe, au masafa yafupishwe, au siku ile imalizwe.

Hebu fikiri jinsi jambo hili lilivyotofautiana na lile la Gerenos. Hapa hapana duru inayomlazimisha mtu. Mwili wenyewe ndio unaoulizwa kila mara kama uko tayari, nao hujibu kwa mapigo ya moyo. Mazoezi haya yaliitwa mazoezi ya vipindi, na kipindi kilichokusudiwa katika jina hilo ni kile cha katikati, yaani cha kupumzika. Reindell aliamini kwamba moyo hupanuka na kupata nguvu hasa katika zile sekunde za mapumziko, wakati damu nyingi inaporudi nao ukiwa umepunguza mbio. Wataalamu waliokuja baadaye wamelisahihisha wazo hilo, maana kazi nayo ina sehemu yake kubwa. Lakini hawakuyaacha mazoezi yenyewe, kwa sababu yalizaa matunda. Mwanafunzi wa Gerschler, Rudolf Harbig, alikimbia mita 800 mjini Milan tarehe 15 Julai 1939 kwa dakika 1 na sekunde 46.6. Rekodi iliyokuwapo ilikuwa dakika 1 na sekunde 48.4, basi Harbig aliipunguza kwa karibu sekunde 2 kwa mara moja, jambo ambalo katika mbio fupi kama zile ni ajabu. Rekodi yake ilidumu miaka 16. Yeye mwenyewe hakudumu. Aliuawa vitani mwaka 1944.

Wakati ule ule Waswidi walikuwa na njia yao. Mwalimu Gösta Holmér aliwapeleka wakimbiaji msituni, akawaacha waongeze kasi na kuipunguza kama walivyojisikia, pasipo saa wala uwanja. Kwa njia hiyo Gunder Hägg na Arne Andersson walinyang'anyana rekodi ya maili moja tangu mwaka 1942 hata mwaka 1945, wakaitoa kwenye dakika 4 na sekunde 6.4 wakaifikisha kwenye dakika 4 na sekunde 1.4.

Sasa nataka tukae kidogo na mtu ambaye huonekana kama shahidi wa upande wa pili, yaani Emil Zátopek wa Chekoslovakia. Alikuwa kijana wa kiwanda cha viatu cha Baťa mjini Zlín. Mwaka 1941 alilazimishwa kushiriki katika mbio, akajitetea kwamba hana nguvu, wasimsikilize. Akakimbia, akawa wa pili. Tangu hapo alifanya kazi ambayo haijapata kuonekana. Alikimbia mita 400 kwa kasi, kisha mita 200 polepole, tena mita 400, mara 20, baadaye mara 40 na zaidi. Alikimbia katika theluji akiwa amevaa mabuti ya askari. Walipomwambia kwamba mkimbiaji wa masafa marefu hana haja ya kasi, alijibu kwamba kukimbia polepole alikuwa akikujua tayari. Mwaka 1952 mjini Helsinki, katika muda wa siku 8, alishinda mita 10,000, mita 5,000 na marathoni, na marathoni ile ilikuwa ya kwanza maishani mwake.

Vijana wengi husoma habari hii wakahitimisha kwamba anayefanya kazi nyingi kuliko wote ndiye atakayeshinda. Mimi siwalaumu, kwa kuwa Zátopek mwenyewe alielekea kuamini hivyo. Lakini mwaka 1950, kabla ya mashindano ya Ulaya yaliyofanywa Brussels, alikula chakula kilichoharibika akalazwa hospitali karibu majuma mawili. Hakukimbia. Kila mtu alidhani kwamba mwaka ule amepotea. Alitoka kitandani, akasafiri siku chache tu baadaye, akashinda mita 5,000 na mita 10,000 pia. Wataalamu wa mazoezi wanapoeleza kwa nini mkimbiaji hupunguza kazi katika majuma ya mwisho kabla ya mashindano, bado hulitaja jina lake. Mwili uliofanyishwa kazi kwa miaka ulikuwa unadai likizo, na kwa kuwa hakuutaka kuupa, ugonjwa ulimpa.

Miaka minne baadaye jambo hilo hilo lilitokea Uingereza, safari hii kwa hiari. Roger Bannister alikuwa mwanafunzi wa udaktari, na wasaa wake wa mazoezi ulikuwa mdogo, mara nyingi chini ya saa moja wakati wa chakula cha mchana. Kazi yake kuu ilikuwa kukimbia robo maili mara 10, akipumzika dakika 2 kati ya moja na nyingine. Alianza kwa sekunde 66 kwa kila robo, akashuka hata 61, akakwama hapo. Ili maili ikimbiwe kwa dakika 4 ilimpasa aone 60 au chini yake, wala haikuonekana. Siku zilikuwa zinakwisha, na John Landy wa Australia alikuwa akijitahidi kuwahi. Mtu mwingine angeongeza kazi. Bannister na rafiki yake Chris Brasher walikwenda Scotland kupanda milima, wakaacha kukimbia kwa siku kadhaa. Waliporudi, robo 10 zikakimbiwa kwa sekunde 59. Tarehe 6 Mei 1954 mjini Oxford, Brasher na Chris Chataway wakimtangulia kwa zamu, Bannister alimaliza maili kwa dakika 3 na sekunde 59.4. Siku 46 baadaye Landy naye akaenda kasi zaidi, na mji alioifanyia kazi hiyo ni Turku, ule wa Nurmi.

Sitakaa sana na Arthur Lydiard wa New Zealand, ingawa anastahili. Yeye naye alikuwa fundi wa viatu, naye aliwakimbiza vijana wa mtaa wake kiasi cha maili 100 kwa juma, taratibu, kwa miezi mingi, kabla hajawaruhusu kukimbia kwa kasi. Mjini Rome mwaka 1960, siku moja na ndani ya saa moja, Peter Snell alishinda mita 800 na Murray Halberg mita 5,000.

Lakini kwa nini mwili ufanye hivi? Unapokimbia kwa bidii, nyuzi za misuli hupata majeraha madogo usiyoyaona, na sukari iliyowekwa akiba ndani yake hupungua. Ukimaliza mbio u dhaifu kuliko ulivyoanza. Jambo hili halina shaka, wala hapana mkimbiaji asiyelijua miguuni mwake. Ni baada ya hapo, kwa chakula na usingizi, ndipo nyuzi hutengenezwa upya, na mwili, kama mwenye nyumba aliyeibiwa akaweka komeo kubwa zaidi, hujenga kupita kiasi cha kwanza. Baada ya majuma mengi vijishipa vya damu huongezeka, na vyumba vya moyo huwa vikubwa. Ila mambo haya hayaendi kwa mwendo mmoja. Pumzi hupatikana upesi. Mifupa na kano huchelewa. Hii ndiyo sababu kijana aliyeanza mazoezi mwezi uliopita hujisikia hodari kabisa, kisha ghafla huumwa na muundi asiweze kukanyaga. Nawe uliye na miaka 15 au 16 una neno la zaidi: ncha za mifupa yako bado zinakua, nazo ni laini kuliko za mtu mzima. Ratiba ya bingwa wa miaka 28 haikukatiwa kipimo chako.

Nchi yetu iliingia katika habari hii kwa kuchelewa kidogo. Chama cha riadha cha Kenya kiliundwa mwaka 1951. Mwezi Julai 1954 Lazaro Chepkwony na Nyandika Maiyoro walikimbia mjini London. Chepkwony, katika maili 6, alikwenda bila viatu, mara akiongeza kasi, mara akipunguza, hata akaumia mguu akajitoa. Watazamaji walimwona kama mtu asiyejua kugawa nguvu zake. Kesho yake Maiyoro, kijana wa Kisii, akawa wa tatu katika maili 3, mbio ambazo washindi wake wawili walivunja rekodi ya dunia. Huyo Maiyoro alikuwa wa 7 katika mita 5,000 mjini Melbourne mwaka 1956, na wa 6 mjini Rome mwaka 1960. Mwaka 1964 Wilson Kiprugut alituletea nishani ya kwanza ya Olimpiki, ya shaba. Mwaka 1965 Kipchoge Keino, askari polisi kutoka Nandi, akaweka rekodi za dunia za mita 3,000 na 5,000.

Ndipo ikaja Mexico, mwaka 1968, na hapa najua utaniuliza swali. Keino aliumwa na kifuko cha nyongo, madaktari wakamkataza kukimbia. Tarehe 13 Oktoba alikimbia mita 10,000, maumivu yakamwangusha zikiwa zimebaki duru chache, naye Naftali Temu akaichukua dhahabu ya kwanza ya Kenya. Siku 4 baadaye Keino alipata nishani ya fedha katika mita 5,000. Tarehe 20 gari lilikwama katika msongamano barabarani. Akashuka, akakimbia hata uwanjani, akaingia katika mita 1,500 dhidi ya Jim Ryun wa Marekani. Ben Jipcho akaongoza duru ya kwanza kwa sekunde 56, mwendo wa kuogofya katika mji ulio juu ya bahari kwa zaidi ya mita 2,200. Keino akaupokea mwendo ule, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 34.9, Ryun akiwa mbali nyuma yake. Basi utasema: mbona mgonjwa aliyekataa kupumzika alishinda?

Swali ni la haki, wala sitaki kulizunguka. Keino alikuwa jasiri, na nchi changa ilimhitaji. Alichagua mwenyewe akijua anachohatarisha. Madaktari nao hawakukosea, maana maumivu waliyoyatabiri yalimwangusha kweli mbele ya dunia nzima. Lakini miguu iliyomshinda Ryun haikutengenezwa katika juma lile la ugonjwa. Ilitengenezwa katika miaka ya nyuma, nyumbani kwenye hewa nyembamba, kwa kazi na kupumzika. Mexico ilikuwa siku ya kutumia akiba. Akiba hutumika hata katika hali mbaya, ila haiwekwi katika hali hiyo, na mwanafunzi anayekimbia na homa ili amwige Keino anaiga matumizi pasipo kuwa na akiba.

Watu wa nje hupenda kusema kwamba Wakenya hushinda kwa sababu walikimbia kwenda shule utotoni. Wengi walikimbia, na ilisaidia. Urefu wa milima nao ulisaidia. Lakini maneno hayo, hata yakisemwa kwa sifa, huwanyang'anya wanariadha wetu kazi yao, kama kwamba ushindi uliwaota wenyewe mwilini kama nywele. Mtu akitaka kuona kazi hiyo na atazame kambi ya Kaptagat, ambako Eliud Kipchoge alifanya mazoezi chini ya mwalimu Patrick Sang, aliyekuwa naye mshindi wa nishani ya fedha mjini Barcelona mwaka 1992. Huko Kipchoge alijitayarishia mbio za Berlin za mwaka 2018, alizozimaliza kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 39, na zile za Vienna za tarehe 12 Oktoba 2019, ambamo alikimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, ingawa kwa jinsi zilivyotayarishwa hazikuandikwa kuwa rekodi. Kila alichokifanya alikiandika katika daftari. Jumanne ilikuwa siku ya kasi uwanjani, Alhamisi siku ya masafa marefu, Jumamosi siku ya mchezo wa kasi ule wa Waswidi. Siku zilizobaki walikimbia kwa utulivu, wakala, wakalala mchana, na mwisho wa juma wakaenda kwa jamaa zao. Mbio za siku hizo za utulivu zilianza karibu na mwendo wa kutembea, hata mgeni wa kawaida aliyefika kambini na viatu vipya aliweza kuandamana na bingwa wa dunia kwa muda, akiongea.